Usaili ni wiki ijayo: usikariri majibu, andaa siku zako

Mkuu, umesema mwaka huu umeitwa usaili mara tatu na zote umetoka patupu, wiki ijayo unaitwa tena, na unaomba majibu ya yale maswali yanayoulizwa kila mahali ili uyakariri. Nimesoma nikaumia kweli, maana hapo ulipo mi nimekaa karibu miaka miwili. Majibu ya kukariri sitakupa na sio kwa roho mbaya, ni kwa sababu ndo yaliyoniangusha. Ntakwambia nilichofanya mpaka nikapata kazi, alafu na nilichokuja kukiona nilipokaa upande wa pili wa meza, maana sa hivi huwa naitwa kwenye paneli tukitafuta watu wa stoo.

Usaili wangu wa pili niliingia na daftari zima kichwani. Mwenyekiti wa paneli alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole sana, akaniuliza, "Tupe mfano wa siku uliyokosea kazini, ukafanyaje?" Kwenye daftari langu swali lilikuwa "udhaifu wako ni upi", kwa hiyo nikamwaga lile jibu, eti udhaifu wangu ni kwamba kazi isipokamilika sipati usingizi. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha, alafu akasema taratibu, "Sawa mwanangu, lakini nimeomba siku." Akasubiri. Mkuu, sikuwa na siku. Nilikuwa na miaka mitatu ya kazi na makosa nilishafanya ya kutosha, lakini pale kwenye kiti hakuna hata moja lililokuja, kichwani yamejaa majibu ya watu wengine.

Nikarudi nyumbani nikaanza kuandika siku. Sio majibu, siku. Siku niliyokosea, siku niliyogombana na mwenzangu tukapatana, siku kazi ilizidi watu, siku niliyopewa kitu nisichokijua nikajifunza, siku niliyomkatalia bosi kwa adabu, siku ambayo kitu kilikwenda vizuri kwa sababu yangu. Nikapata saba. Na hapo ndo nikagundua maswali ya usaili ni machache sana, yanabadilishwa nguo tu. "Ulikabiliana vipi na changamoto", "eleza ulivyofanya kazi kwa presha", "umewahi kutofautiana na mwenzako", "udhaifu wako", "kwa nini tukuchukue wewe", yote hayo siku moja nzuri inaweza kujibu mawili matatu, inategemea unaishikia upande gani.

Nikupe siku yangu moja uone. Kompyuta ilikuwa inaonyesha katoni 340 za bidhaa fulani, tukihesabu rafuni zipo 312. Watu wakaanza kumwangalia kijana wa zamu ya usiku kwa jicho baya. Mi nikaomba nipewe mpaka jioni, nikatoa hati zote za kupokelea mzigo za mwezi ule nikawa nazilinganisha moja moja na kilichoingizwa, nikakuta hati moja ya katoni 28 imeingizwa mara mbili, na aliyeiingiza ni mimi. Nikaenda kwa msimamizi kabla hajaniuliza nikamwonyesha, nikamwomba radhi yule kijana mbele ya wenzetu, na kuanzia siku ile kila hati nikishaiingiza naigonga muhuri palepale kabla sijashika nyingine. Hesabu iliyofuata ikakaa sawa. Basi hiyo siku nimeitumia kujibu swali la kosa, swali la uaminifu, swali la kufanya kazi na wenzako, na usaili nilioupata niliitumia mara mbili, ila mara ya pili niliwaambia kabisa, "naomba nirudi kwenye tukio lile lile kwa upande mwingine." Hakuna aliyechukia.

Namna ya kuisimulia, wengi wanaijua kwa jina la STAR: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini, ikaishaje. Shida ninayoiona kwenye paneli sio kwamba watu hawaijui, ni kwamba wanamaliza muda wote kwenye hali. Mtu anaeleza kampuni ilikuwaje, bosi alikuwaje, wateja walikuwaje, dakika tatu zimeisha, akifika kwenye alichofanya anasema "basi tukalitatua." Tukalitatua vipi, nani? Mbele yangu nina fomu, kila swali lina nafasi ya kuandika na alama 1 mpaka 5, na kila mmoja wetu anajaza yake kabla hatujaongea chochote. Mtu akisema "tulifanya, tulipanga, tulihakikisha" kalamu yangu inasimama, sina cha kuandika, siwezi kumpa alama ya kazi ya watu nisiowaona. Akisema "mimi nilipiga simu kwa msambazaji saa mbili asubuhi nikamwomba atume nusu ya mzigo kwanza", hapo naandika. Kwa hiyo hali iwe sentensi mbili tatu, ulichofanya kiwe sehemu kubwa, matokeo mafupi na kama yana namba itaje.

Na hizo fomu na maswali ya kufanana kwa kila mtu sio ukorofi. Mwaka 1998 watafiti Frank Schmidt na John Hunter walipitia tafiti za miaka 85 kuhusu kuchagua wafanyakazi, wakakuta usaili wenye mpangilio unabashiri utendaji wa mtu kazini kuliko maongezi ya kiholela, na mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipozipiga upya hesabu za namna hiyo, usaili wenye mpangilio ndo ukakaa juu kabisa. Mi nakwambia hili kwa sababu linakusaidia wewe usiyejua mtu pale ndani: kwenye usaili wa aina hiyo anayepata alama ni aliyeleta ushahidi, sio aliyechangamka.

Sasa yale machache ambayo hayataki siku. "Tuambie kuhusu wewe" usianzie ulipozaliwa wala usisome CV kwa sauti, wanayo mkononi. Dakika moja na nusu inatosha: sasa hivi unafanya nini au mara ya mwisho ulifanya nini, kitu kimoja ulichokiweza kinachohusiana na kazi hii, na kwa nini umeomba hii. Udhaifu sema wa kweli ila usiwe uti wa mgongo wa kazi yenyewe, na useme unafanyia nini. Wangu nilisema nilikuwa nachelewa kuomba msaada mpaka tatizo linakua, siku hizi nimejiwekea nikikwama nusu saa nauliza. Kwa nini uliacha kazi, sentensi moja bila kumtukana mtu, mimi mwajiri alikuwa anachelewesha mshahara miezi, nikasema "nilihitaji sehemu yenye uhakika zaidi" nikanyamaza. Mshahara ulizia kabla watu wa kazi hiyo wanalipwaje, wakikuuliza taja kuanzia kiasi fulani mpaka fulani, na kile cha chini kiwe kweli unaweza kuishi nacho. Miaka mitano ijayo wanataka kujua tu kama utakaa, usijitese.

Pengo kwenye CV sema ukweli kwa ufupi. Uongo usiuguse, sio kwa sababu ya dhambi tu, ni kwa sababu swali la pili linakufuata: nani alikuwa zamu, uliandika wapi, ilichukua siku ngapi. Aliyeishi ile siku anajibu bila kufikiri. Aliyeiokota mahali anaanza kuangalia dari, na hapo nasikitika maana mara nyingi ni mtu mzuri tu aliyekuwa na siku zake mwenyewe akaona hazifai.

Chukua tangazo la kazi leo, piga mstari chini ya kila kitendo. Wameandika "kusimamia zamu", "kuandaa ripoti", "kutatua malalamiko", kila kimoja ni swali linalokuja. Tafuta siku yako kwa kila kimoja, na kama hujawahi kuajiriwa siku za chuo, za kujitolea, za kikundi, zinahesabika. Alafu zisimulie kwa sauti ukijirekodi kwenye simu, kwa sauti mkuu, sio kimoyomoyo. Ya kwanza niliyojirekodi ilichukua dakika sita na nilikuwa nadhani ni mbili. Rudia mpaka iwe fupi lakini usiikariri neno kwa neno. Na ndani ya chumba ukikwama una haki ya kusema "naomba nifikirie kidogo", sekunde kumi za ukimya kwako ni mwaka, kwetu tunamalizia kuandika jibu lililopita.

Mwisho watakuuliza kama una swali. Uliza hili: "Mtakayemchukua, baada ya miezi mitatu mngependa muone amefanya nini?" Jibu lao litakwambia kazi yenyewe ni nini, na kama kuna kitu ulisahau kukisema unakisema hapo.

Na kuna kitu umekigusia juu juu kwenye maelezo yako, kwamba ulipokuwa unapokea simu za wateja kuna mama alipiga analia mzigo wake umepelekwa kwa mtu mwingine, ukabaki naye kwenye simu mpaka ukapatikana, alafu ukaandika "ila hiyo ni kawaida tu." Sio kawaida. Anza na hiyo usiku huu: alisema nini, ulimjibu nini, ulimtafuta nani, na ilikuwa saa ngapi mzigo ulipoonekana.