Chatu wangu anakaribia kutaga, nimlazimishe kula?

SWALI: Shikamoo anko. Mi naishi Louisville, Kentucky, na nina chatu jike, wale wadogo wa Afrika Magharibi wanaojikunja mpira. Ana miaka minne, uzito umepita kidogo kilo moja na nusu. Jamaa ninayekaa naye ana dume, tuliwaweka pamoja mara kadhaa tangu Novemba. Sasa huyu jike amekataa kula kabisa, wiki iliyopita alivimba katikati ya mwili wakati hajameza kitu, kesho yake uvimbe ukapungua, na juzi nimemkuta kalala tumbo juu. Ni uzazi wake wa kwanza na mimi sijawahi kuona nyoka akitaga. Nimlazimishe kula? Nimwache aatamie mwenyewe au niyatoe mayai? Na nitajuaje kama kuna shida? Mama yuko Bukavu, nimemwelezea kwa simu akasema nimtupe nje huyo mdudu.
– Msomaji, Louisville

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mama mwambie kwa upole tu kwamba chatu wa aina hii hana sumu na akiogopa anachofanya ni kujikunja duara akaficha kichwa katikati, na baridi ya huko Kentucky ukimtoa nje ni kumuua yeye na mayai yake.

Ulichokiona ni kizuri. Ule uvimbe wa katikati uliokaa kama siku moja ndo mayai yanashuka kutoka kwenye ovari, na kulala tumbo juu ni kawaida sana kwa jike mwenye mayai, wengi wanafanya hivyo. Cha kuangalia sasa hivi ni kujivua gamba. Kwa kawaida wiki mbili tatu baada ya ule uvimbe atajivua, na siku hiyo uiandike kwenye kalenda maana kuanzia hapo unahesabu kama siku 30 hivi mpaka atage, wengine wanawahi kidogo wengine wanachelewa kidogo. Hiyo ndo tarehe ya maana, sio siku uliyowaweka na dume, kwa sababu jike anaweza kuhifadhi mbegu mwilini muda mrefu. Tena kuna wanaotaga bila dume kabisa: mwaka 2020 pale Saint Louis Zoo, Missouri, chatu wa aina hiihii aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai 7 wakati hajakaa na dume kwa miaka zaidi ya 15. Kwa hiyo na nyie wasomaji mwenye jike peke yake akikataa chakula na kunenepa, msipuuze.

Kumlazimisha kula hapana, usijaribu hata siku moja. Mayai yameshajaza nafasi na ukimsukumia panya mdomoni unaweza kumuumiza ndani, na chatu mwenye mwili mzuri kama wa kwako anakaa miezi bila kula na hadhuriki. Maji masafi yawepo muda wote. Akikubali mwenyewe kapanya kadogo mpe, akikataa mwache.

Kwenye tanki upande wa joto uwe nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, upande wa pili kama 26, na ile pedi ya joto lazima iwe na thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, hapa nakusisitizia kwa sababu jike mwenye mayai anang'ang'ania penye joto saa nyingi na pedi isiyodhibitiwa inamuunguza tumbo. Porini wanaingia kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, giza, pamebana, pana unyevu, basi mtengenezee hivyohivyo: kontena la plastiki lenye mfuniko, toboa tundu anapoweza kupita, weka ndani mosi (moss, ule mmea laini unaoshika maji) yenye unyevu sio inayochuruzika. Halafu acha kumbebabeba na usimwonyeshe wageni.

Siku yenyewe mara nyingi ni usiku, asubuhi unamkuta kajizungushia mayai meupe yenye ganda laini kama ngozi, kwa kawaida kati ya 3 na 11, yameshikana. Anaweza kuyaatamia mwenyewe na anajua, lakini kwa uzazi wa kwanza na hewa kavu ya nyumba yenye hita, mimi ningeyatoa niweke kwenye inkubeta, yaani kasha la kuangulia mayai, maana tanki la kioo linapoteza unyevu haraka na mayai yakikauka hayarudi.

Sasa sikia, hapa ndo wengi wetu tuliokulia kwenye kuku tunaharibu. Yai la kuku linageuzwa kila siku, la chatu HALIGEUZWI. Kijusi kinajishikiza upande wa juu wa yai mapema sana, ukiligeuza kinaweza kufa humohumo. Kabla hujayanyanyua weka alama ya penseli juu ya kila yai, yabebe hivyohivyo yalivyokaa, yaliyogandana usiyabandue. Yapange kwenye kontena lenye vemikulaiti (punje nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu, joto 31 hadi 32, hewa ndani iwe na unyevu karibu asilimia 90 na zaidi, maji yasiyadondokee. Ukimulika tochi gizani ukaona mishipa myekundu, yai liko hai. Yale mayai madogo ya njano magumu hayana kitu. Siku 55 hadi 60 hivi vitoto vinachana ganda, na wiki mbili za mwisho mayai yakibonyea usishtuke, wala usivivute, kitoto kinaweza kukaa ndani ya yai siku nzima au mbili baada ya kutoa pua.

Shida yenyewe ni yai kukwama. Akitaga machache akaacha, ukaona bado ana uvimbe upande wa mkiani na siku mbili zinakatika, au anajikamua muda mrefu hakuna kinachotoka, au amelegea, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia siku hiyohiyo. Usimkamue kwa mikono kabisa, unaweza kumpasua. Na huyo daktari mtafute SASA, sio kila kliniki ya mbwa na paka inapokea nyoka, piga simu wiki hii uulize.

Ukishatoa mayai mwogeshe jike kwa maji ya uvuguvugu na ubadilishe matandiko yote, harufu ya mayai ikibaki anaendelea kuatamia hewa na anakataa kula. Baada ya siku chache mpe chakula kidogo, mpime uzito kila wiki, na usimrudishe kwa dume msimu ujao mpaka kilo zake zirudi zilivyokuwa.