Mimi niliachishwa dawa wodini, wewe usijiachishe ukiwa nyumbani

Jana usiku dada mmoja wa Bungoma aliniandikia. Amesikia nilisimamishiwa dawa za kifafa nikapimwa mawimbi ya ubongo, naye anataka kuziacha wiki hii "nione kama nimepona". Dadangu, hapana.

Nauza nguo hapa Kibuye, Kisumu, na kwa miaka nimemeza kabamazepini, dawa ya kifafa, asubuhi na jioni, lakini bado nilikuwa naanguka. Vipimo vya EEG, yaani vya mawimbi ya ubongo, vile vifupi vya kawaida, vilitoka safi, na hapo wakwe zangu wakapata la kusema: mashine haioni kitu, basi ni mapepo. Kuna aliyenitengea kikombe changu peke yangu, eti povu linaambukiza. Sijasahau. Kifafa hakiambukizi, na EEG safi haimaanishi huna kifafa, maana mashine hunasa dakika zile tu.

Ndiyo sababu nililazwa Nairobi, kamera ikinitazama usiku na mchana, waya zimebandikwa kichwani, kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, tayari mkononi. Dozi ikapunguzwa kidogo kidogo. Walitaka nianguke wakiona, wajue mshtuko unaanzia sehemu gani ya ubongo.

Daktari alinionyesha mawimbi ya alfa, yale yanayojitokeza kisogoni ukifumba macho. Kwa mtu mzima hupiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde, na kabamazepini huweza kuyapunguza kasi. Dawa ilipopungua mwilini yangu yakaanza kupiga haraka zaidi, nami nikachangamka, usingizi wa mchana ukaisha, hata nikapiga simu nyumbani kujisifu. Uchangamfu huo ndio unaowadanganya watu wengi wakadhani wamepona. Nilianguka usiku uleule, na kesho yake tena, na baada ya hapo mawimbi yaliyochongoka, yale ya kifafa, yakajaa kwenye skrini. Lakini safari hii ushahidi ulikuwepo! Video nzima. Ningependa shemeji fulani aione.

Kwa anayemeza fenobabitali, dawa nyingine ya kifafa, mambo ni tofauti: dawa hiyo huongeza mawimbi ya beta, yenye kasi, na kuikata ghafla kunaweza kuleta mshtuko usiokoma. Ukipita dakika 5 ni dharura. Wodini muuguzi alikuwa hatua chache kutoka kitandani kwangu. Wewe huko kijijini usiku wa manane utamwita nani, mtu wa boda?

Wanawake wenzangu, anayekuombea akuombee ukiwa umeshameza dawa. Mchungaji akikuambia uzitupe kama ishara ya imani, muulize kama atalala kwako wiki hiyo. Na hata ukiandikiwa EEG ya kawaida, usiruke dozi ila daktari wako mwenyewe akuambie.

Ukipangiwa kulazwa kama mimi, fumua nywele kabla ya kupanda basi, uzioshe, usipake mafuta. Waya hazishiki kwenye mafuta, na kufumua rasta kwenye kitanda cha hospitali ni kazi ya usiku kucha.