Skrini ya Buluu Kila Siku

SWALI: Mhariri, kompyuta yangu ya mezani yenye Windows 10 huzimika ghafla mara tatu au nne kwa siku, ikionyesha skrini ya buluu na maneno MEMORY_MANAGEMENT. Fundi mmoja amenishauri ninunue nyingine. Je, ni lazima? Msomaji, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Usinunue chochote; kwanza, nakili picha na hati zako kwenye flashi. Maneno uliyoyanukuu, ambayo wengi huyapuuza, ndiyo ushahidi wenyewe: yanaashiria hitilafu katika memori (RAM, sehemu inayoshikilia kwa muda kazi ambayo kompyuta inaifanya), ingawa programu mbovu ya kuendesha kifaa huweza pia kuyaleta. Andika mdsched, jina la kipimo cha memori kilichomo ndani ya Windows, katika sehemu ya kutafutia, ubonyeze Enter, kisha uiache kompyuta ijiwashe upya na kuipima memori. Kasoro ikionekana, zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa vipande vya memori na usugue taratibu ukingo wake wa rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kwani hewa yetu ya pwani, yenye unyevu na chumvi, haina urafiki na chuma. Halafu ujaribu kipande kimoja kimoja hadi umtambue mkosaji, ambaye hubadilishwa peke yake. Memori ikiwa nzima, ondoa programu au kifaa ulichoongeza karibu na siku tatizo lilipoanza.