Usiuze Sabwufa Yako, Ihamishe Kwanza

Miaka mitatu iliyopita nilibakisha kidogo tu niiuze sabwufa yangu, ile spika ya besi peke yake, kwa bei ya kutupa. Picha nimeshapiga, tangazo nimeshaandika, na mtu wa Kisauni kashaanza kuniuliza bei ya mwisho. Ni sabwufa ya inchi 12, kuibeba ngazi mbili ni lazima upumzike katikati. Lakini sebuleni kwangu Tudor, hapa Mombasa, ilikuwa ikitoa maajabu: noti moja inavuma mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka, noti ya pili yake haisikiki kabisa. Ukiweka taarab, gitaa la besi linapanda na kushuka kama kawaida yake, ila kwangu lilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango mmoja ule ule wimbo mzima.

Nikaamini nimeuziwa kitu kibovu. Kumbe kosa lilikuwa langu, tena si moja.

Nianze nyuma kidogo. Mwaka wangu wa kwanza na risiva, ile mashine inayozigawia spika sauti, menyu yake iliniuliza kila spika ni «Small» au «Large». Hapo ndipo wengi wetu tunapoponzwa na ubishi. Spika zangu za mbele ni za kusimama, zinanifika kiunoni, na nilizilipa kidogo kidogo kwa miezi. Mimi niziandike ndogo? Nikaziandika kubwa, nikafunga menyu, nikatulia.

Swali lile halihusu ukubwa wa sanduku. Risiva inataka kujua jambo moja tu: besi ya chini iachwe kwenye spika hii, au ipelekwe kwa sabwufa? Ukijibu kubwa, spika hubebeshwa kila kitu, na sabwufa hubaki ikingoja ile njia yake maalumu ya kwenye filamu. Muziki wa kawaida wa chaneli mbili hauna njia hiyo. Kwa hiyo mwaka mzima, kila nilipoweka muziki, sabwufa yangu ilikuwa ni stuli ya kuwekea rimoti.

Ukijibu ndogo, risiva hukata besi kwenye spika na kuipeleka kwa sabwufa, ambayo ina amplifaya yake yenyewe. Spika nazo hupumua. Siku nilipobadilisha, kilichonishangaza kwanza hakikuwa besi bali maneno. Watu kwenye filamu nikawasikia wanasema nini bila kuongeza sauti.

Pale pa kukatia panaitwa krosova. Anza na 80 Hz, yaani mitetemo 80 kwa sekunde. Ndicho kipimo cha THX, wale wa viwango vya sauti ya sinema, na kina sababu yake: chini ya hapo sikio la binadamu halijui vizuri sauti inatoka upande gani, kwa hiyo sabwufa inaweza kukaa popote na bado ukahisi besi inatoka kwenye televisheni. Ila kama spika zako ni vile vidogo vya kushika kwa mkono mmoja, 80 hazifiki. Hizo zipe 120, au hata 150, na sabwufa isikae mbali na televisheni, kwa sababu sauti ya mwanamume huanzia maeneo hayo. Nimewahi kukaa kwa shemeji yangu Bamburi, msomaji wa habari mdomo uko ukutani, koo liko nyuma ya mlango wa jikoni.

Nyuma ya sabwufa kuna kinobu cha krosova pia. Kizungushe mpaka mwisho, au kwenye alama ya LFE kama ipo. Risiva imeshakata, na ukikata mara mbili unabaki na shimo katikati ambalo hakuna spika inayolijaza. Na usichanganye krosova na ile '.1' ya 5.1, yaani spika tano na sabwufa moja. Hiyo ndiyo LFE, njia ya pekee iliyorekodiwa kwa mingurumo na milipuko, inafika 120 Hz, na imepangwa ipigwe kwa desibeli 10 zaidi ya njia nyingine. Mahali pake kwenye menyu weka 120, uondoke.

Basi nikawa nimerekebisha hayo, na ndipo ule mvumo wa noti moja ulipoanza. Sabwufa sasa inafanya kazi, na iko konani, kwa sababu kona ndiko ilikoenea.

Sebule yangu ina urefu wa mita 4. Kuta ni za mawe, chini taili, juu slebu. Besi haina pa kutokea humo. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo sauti ya 43 Hz ina wimbi la mita 8, mara mbili kamili ya chumba changu. Wimbi hilo likigonga ukuta linarudi na kujipandia lenyewe: kwenye kuta linarundikana, katikati ya chumba linajifuta. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi ni kama 41 Hz. Ndiyo hodi yangu ile! Nilikuwa nimekaa kwenye kochi lililogusa ukuta wa nyuma, na sabwufa konani, mahali panapoamsha kila mvumo wa chumba kwa mpigo mmoja. Chumba chako kina namba yake; gawanya 345 kwa urefu uliozidishwa mara mbili, utaipata.

Dawa yake haina gharama, ila ina aibu. Unaichukua sabwufa, unaiweka pale pale unapokaa, juu ya kochi. Unaweka kipande cha muziki chenye besi inayotembea, kirudie rudie. Kisha unatambaa. Ndiyo, kwa magoti na mikono, kichwa kikiwa chini usawa wa sabwufa, ukifuata ukuta na kusikiliza kila mahali ambapo sabwufa inaweza kukaa. Mimi nilitambaa na kikoi, mtoto wa mwisho akadhani ni mchezo akanipanda mgongoni, na mke wangu akaita dada zake kwa video. Usijali. Kuna mahali utasikia mvumo, kuna mahali besi itapotea, halafu kuna mahali noti zote zitatoka sawasawa, kila moja na uzito wake. Hapo ndipo sabwufa ikae.

Kwangu palikuwa kwenye ukuta wa ubavuni, mbele kidogo ya katikati, mahali ambapo sikuwahi hata kupafikiria kwa sababu palikuwa na kabati la viatu. Kabati likahama. Kochi nalo nikalivuta mbele kama nusu mita. Najua nyumba zetu, kochi hugusa ukuta ili katikati pabaki pa mkeka na wageni, na kama huna nafasi basi huna. Lakini hata viganja viwili vina tofauti.

Kama umefanya yote na besi bado ni nyembamba, angalia nyaya kabla ya kumwita fundi. Waya mmoja ukigeuzwa, wa chanya ukaingia hasi, spika ya kushoto inasukuma wakati ya kulia inavuta, na besi inauana hewani. Fundi mmoja wa redio alinionyesha: chomoa waya kwenye risiva, gusisha ncha zake na betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya. Koni ikitoka mbele, sawa. Ikirudi ndani, kuna mahali umepishanisha. Na huku kwetu zikague hizo ncha kila mwaka, maana hewa ya chumvi hugeuza shaba kijani. Kata kipande, menya upya. Sabwufa yenyewe ina swichi ya fezi, 0 na 180, ya kugeuza koni ianze kusukuma au kuvuta. Keti kwenye kochi, mtu mwingine aibadilishe, uchague upande wenye besi nzito zaidi. Haina falsafa nyingine.

Kupima nako. Risiva nyingi huja na maikrofoni yake ya kupimia chumba, na mfumo wake huitwa Audyssey au YPAO kutegemea kampuni. Itumie, lakini zima pangaboi kwanza! Nilipima mara mbili na pangaboi likizunguka nikapata matokeo ya kichaa. Mara ya tatu nilingoja baada ya Adhuhuri, watoto wako madrasa, barabara imetulia kidogo, ndipo namba zikaeleweka. Baadaye rudi kwenye menyu ukague, kwa sababu mashine hizi zikisikia spika ina besi ya chini mara nyingi huirudisha kwenye «Large». Kama huna maikrofoni, tumia programu ya simu kusawazisha spika kwa ule mchakacho wa majaribio wa risiva, kila moja isome desibeli 75 ukiwa umekaa. Kwa sabwufa usiiamini simu. Maikrofoni yake imetengenezwa kwa sauti ya mtu, kule chini haisikii vizuri.

Spika zenyewe sina mengi. Ya kati iwe karibu na usawa wa masikio au uiinamishe ielekee kwako. Za pembeni zikae ubavuni mwako au nyuma kidogo tu, si kule kwenye kona za nyuma juu ya pazia.

Yupo bi mkubwa anayekaa chini yangu. Zama zile za kona alipanda ngazi usiku mmoja, akabisha, nikamwamkia, akaketi, akaniambia taratibu: "Mwanangu, vikombe vyangu kabatini vinasalimiana." Nilitamani sakafu inimeze. Nikanunua raba za kuweka chini ya sabwufa, hazikusaidia sana, kwa kuwa besi hupita hewani na kwenye slebu yenyewe. Kilichosaidia ni kule kuihamisha: mvumo ulipoondoka, niliipunguza sabwufa desibeli 4 nikaona besi bado inanitosha. Na baada ya saa nne usiku nawasha ile hali ya usiku kwenye risiva, inayobana milipuko na kuinua maneno.

Wiki iliyopita nilimkuta ngazini nikamuuliza vikombe vinaendeleaje. Akasema vimenuniana.