Mgombea mwenza si kitenge cha kampeni

Mwenyekiti wa kikundi chetu alinikuta kwenye chanja ya kuanikia nikigeuza dagaa. Akasimama kule upepo unakotokea, shati lake jeupe lisije likashika harufu, akaniambia: "Mama, nataka uwe makamu wangu. Akina mama ndio wengi hapa mwaloni. Tukienda pamoja hawa jamaa hawatuwezi."

Basi. Hakuniuliza kama najua kufunga hesabu za mwezi. Hakuniuliza siku tukigombana na matajiri wa mitumbwi nitasimama upande gani. Nami nikakubali kabla hajamaliza kukung'uta mchanga kiatuni, maana nani hapendi kuitwa?

Hiyo ilikuwa 2014, kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhushia samaki, wilaya ya Ilemela, kikundi cha watu 64: wenye mitumbwi, wavuvi na sisi waanikaji. Siku hizi nina kibanda cha dagaa Kirumba, Mwanza, na jirani yangu anauza kahawa. Wateja wake huiendesha nchi kila asubuhi, tena kwa kikombe kimoja. Majuzi walikuwa wameshafika uchaguzi wa 2030. Mmoja akauliza: mgombea urais ajaye achukue mwanamke awe mwenza, au zamu ya akina mama imeshapita? Zamu! Kama vile tuko foleni ya kisima. Mwingine akanigeukia: "Shangazi, wewe si ulishawahi kuwa makamu? Hebu sema." Nilikuwa napima mzigo wa mteja, nikajibu neno moja, wakacheka, yakaishia hapo. Hapa nina nafasi zaidi.

Jibu langu ni kwamba amchukue. Lakini kama sababu yake ni ile ya mwenyekiti wangu, amwache mama wa watu aendelee na shughuli zake.

Nianze na hizo kura, maana ndizo zinazowatoa watu udenda. Kampeni yetu ilikuwa ya wiki mbili. Nilipewa kitenge cha sare na kazi ya kuanzisha wimbo. Mwenyekiti akimaliza kuhutubia, mimi nasimama, nawapungia wanawake wenzangu mkono, nakaa. Vijana wa injini wakanibatiza jina, Viti Maalumu, na lilinikaa mpaka nilipohama. Jioni moja nikaenda kwenye chanja za akina mama peke yangu, bila sare wala mwenyekiti. Bibi mmoja wa Kikerewe alikuwa anachambua dagaa, anatoa furu wadogo waliochanganyika humo, na hakuinua hata kichwa.

"Mwanangu," akasema, "sisi gauni hatulipigii kura. Gauni tunazo. Ile ndoo je?"

Ndoo aliyoisema ni ya kupimia dagaa wabichi alfajiri mitumbwi inapoingia. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kikabonyea kwa ndani, kina cha vidole vitatu hivi. Ukiitazama kwa juu imejaa pomoni. Ukienda kumwaga chanjani ndiyo unagundua umenunua hewa. Kila mwanamke pale aliijua, na alijua ni ya nani. Nikarudi kwa mwenyekiti nikamwambia tusipoitaja ndoo tumekwisha. Akakuna kichwa, kwa sababu wenye ndoo walikuwa rafiki zake. Mwishowe aliitaja, kwa sauti ndogo kama anayekiri deni, na tukashinda kwa kura sita. Zile sita zilikuwa za ndoo. Sitaki mtu anidanganye kwamba zilikuwa za kitenge changu.

Ndiyo maana yale ya Kenya mwaka 2022 hayakunishangaza. Raila Odinga alimtangaza Martha Karua kuwa mwenza wake mwezi Mei. Huyo ni mwanasheria, waziri wa sheria wa zamani, mtu ambaye huwezi kumwita pambo ukabaki salama. Madereva wa Kenya waliokuja kupakia dagaa walituhakikishia kwamba kazi imekwisha, wapiga kura wa Mlima Kenya wanahama na wanawake wako nyuma yake. Agosti ikafika. Mpinzani wao William Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85, na Kirinyaga, nyumbani kwa Karua, ikamchagua Ruto. Sidhani kosa lilikuwa la mama yule. Watu wa kule walikuwa na ndoo yao iliyowauma.

Sasa tazama Ghana. Mwaka 2020 John Mahama alimchukua Profesa Jane Naana Opoku-Agyemang, wakashindwa. Mwaka 2024 akarudi naye tena, wakashinda, na mama akaapishwa kuwa Makamu wa Rais wa kwanza mwanamke nchini humo. Mwanamke ni yuleyule, mgombea ni yuleyule, matokeo mawili. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mwanamke analeta kura, na anayekwambia kwamba anafukuza kura, wote wawili wape kahawa uwaage.

Mwenza anatafutiwa jambo lingine kabisa, ambalo kwenye kampeni halisemwi kwa sababu linanuka uchuro. Ibara ya 37 ya Katiba yetu inasema Rais akifariki, Makamu anaapishwa kumaliza muda uliobaki. Anayeapishwa si Waziri Mkuu wala Spika, ni yule aliyesimama pembeni kwenye picha ya kampeni. Tangu 1995 tunawachagua hao wawili kwa kura moja. Uzito wake tuliuonja 2005, mgombea mwenza wa CHADEMA alipofariki siku chache kabla ya kura: uchaguzi wa Muungano wa 30 Oktoba ukasogezwa hadi 14 Desemba. Kura ya Rais ilisimama nchi nzima kwa ajili ya mtu ambaye wengi wetu hata jina lake hatukuwa tunalijua.

Sisi kwetu ilikuja mwezi wa saba baada ya ushindi. Mwenyekiti alianguka bafuni, akapooza upande wa kulia, ulimi ukawa mzito. Asubuhi nikaitwa mwaloni. Ilikuwa kipindi cha giza, mwezi haupo, dagaa wanavutwa na taa vizuri, mitumbwi inaingia imeshiba. Na mawingu yamejipanga upande wa ziwa. Wote wananitazama: "Makamu, tufanyeje?"

Tulihitaji maturubai, haraka. Fedha zipo benki, lakini watia sahihi ni mwenyekiti, katibu na mhazini, na bila mwenyekiti hakitoki kitu. Makamu hakuwahi kuandikwa. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa suruali aliyokwenda nayo hospitali. Namba ya siri ya laini ya kikundi ilikuwa kichwani mwake, na kwa wakati ule hakuweza kumtajia mtu chochote. Mvua ikapiga siku tatu. Dagaa wakaoza kwenye chanja tunawaangalia, wakauzwa kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Bibi yule wa Kikerewe alipoteza mtaji wote. Hakunilaumu, na hilo ndilo liliniuma. Mimi ni makamu wa miezi saba na sijui kikundi kina shilingi ngapi.

Niseme na la kwangu. Mikutano yetu ilikuwa na viti vitatu vya plastiki: cha mwenyekiti, cha katibu, cha mhazini. Makamu nilikaa chini kwenye turubai na akina mama, na kusema kweli nilipapenda, pana habari nyingi. Miezi saba sikuuliza kiti changu kiko wapi. Siku ile ya mvua wakanisogezea kiti cha mgonjwa, sikuweza kukikalia. Nikapindua ndoo nikakaa juu yake. Ndiyo, ndoo ileile. Kile kitako kilichobonyea kumbe ni kizuri kwa kukalia.

Usiku wa 17 Machi 2021, Makamu wa Rais alipolitangazia taifa kwamba Rais Magufuli amefariki, jambo la kwanza lililonijia akilini lilikuwa funguo. Zimo mikononi mwake, au zimo kwenye suruali ya mtu? Sisi watu wa Ziwa tulikuwa tumefiwa na wa kwetu. Tarehe 24 tulijaa Uwanja wa CCM Kirumba kumuaga kabla hajapelekwa Chato, na kwenye msongamano ule ule nilisikia wanaume wakinong'ona: mama wa watu ataweza kweli? Niliijua sauti hiyo.

Lakini tofauti yake na mimi ilikuwa kubwa. Samia Suluhu Hassan alikuwa ameanza uwaziri Zanzibar mwaka 2000. Akawa mbunge wa Makunduchi 2010, na waziri aliyeshughulikia Muungano. Mwaka 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, na mnaokumbuka kelele za bunge lile mnajua kukalia kiti kile si sherehe. Kisha miaka mitano na ushee ya umakamu. Unaweza kuwa na yako kuhusu utawala wake, na mimi ninayo, ila si mada ya leo. Alipoapishwa tarehe 19 Machi, hakuwa mtu aliyeokotwa kwa sababu kitenge kinamkaa.

Ukitaka kipimo cha kuchagua mwenza, ninacho kimoja cha kwetu. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilianza kujengwa wakati wa Magufuli. Alifariki nguzo zikiwa bado zinapanda. Aliyelifungua, 19 Juni 2025, ni aliyekuwa mwenza wake. Sisi tuliozoea kulala upande wa Busisi kwa sababu kivuko kimezidiwa tunalipita sasa kwa dakika chache. Basi mgombea ajiulize: nikiacha daraja nusu, huyu nitakayesimama naye atalimalizia, au atakuwa anauliza ramani iko wapi? Akishapata jibu ndipo atazame kama ni mke au mume. Nakuhakikishia akitafuta kwa kipimo hicho, wanawake watakuwa wengi kwenye orodha kuliko alivyodhani.

Na ajue hana ruhusa ya kujuta. Waziri unamwondoa kwa barua. Mwenza mmechaguliwa pamoja. Bingu wa Mutharika wa Malawi alishinda 2009 akiwa na Joyce Banda, kisha wakakosana, mama akafukuzwa chamani Desemba 2010. Lakini umakamu haukufukuzika. Akaanzisha chama chake na kubaki ofisini, mpaka Aprili 2012 Bingu alipofariki na Banda akaapishwa kuwa Rais. Kama ulimtaka wa kupunga mkono tu, ungefikiria hilo mapema.

Kwa 2030 kuna la ziada. Katiba inataka Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Ndiyo maana 2025 Rais Samia, wa Zanzibar, alisimama na Dkt. Emmanuel Nchimbi wa Bara. Mgombea ajaye akitoka huku kwetu, mwenza wake ni wa Zanzibar, apende asipende. Hapo uwanja unakuwa mdogo, na mwanamke aliyeiva hapatikani kwa kutafutwa usiku wa mkutano mkuu. Vyama viwape kazi sasa hivi, kazi yenye bajeti na ugomvi ndani yake. Kukata utepe hakumfundishi mtu kitu.

Kwa wewe mwanamke utakayefuatwa, iwe kwa urais, uenyekiti wa mtaa au kikundi cha kukopeshana: usifanye kama mimi. Kabla hujasema ndiyo, uliza sahihi yako itakaa wapi. Uliza mkiwa wawili, kabla ya kitenge kukatwa. Akikujibu "hayo tutayaona baadaye", umeshajibiwa. Na akikasirika, mshukuru, amekuokolea maturubai.

Mwenyekiti wetu alirudi baada ya miezi minne, anatembelea fimbo. Nilikuwa nimeshakopa kwa jina langu, ndoo imeshanyooshwa kitako kwa nyundo mbele ya watu, na daftari la kaunta lina mistari ya kila siku. Alilisoma lote, taratibu, kidole kikifuata tarakimu. Hakusema kitu. Kesho yake akaniambia twende benki.

Tukapanda daladala hadi mjini. Akajaza fomu ya kuniongeza kwenye watia sahihi, na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umekufa, akasaini kwa wa kushoto, ulimi umetoka nje kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Binti wa dirishani akachukua fomu, akatazama kwenye kompyuta, akaturudishia.

"Samahani mzee," akasema, "sahihi haifanani."