Silikoni Haizibi Tangi la Akriliki

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina tangi dogo la samaki la akriliki, urefu sentimita 40, upana 20, na maji yanapanda sentimita 25. Lina miezi minane. Tangu mwezi uliopita kona moja ya chini inatoa jasho, asubuhi nakuta meza imelowa. Niliwahamishia samaki wangu wanne kwenye ndoo, nikalikausha tangi na kupaka silikoni kwa ndani. Ilishika wiki mbili, kisha ikabanduka kama ngozi. Aliyeniuzia anasema nipake tena, nene zaidi, ila kwanza nisafishe kona kwa spiriti. Nimeshaisafisha, na sasa naona nywele nyeupe nyingi ndani ya plastiki karibu na kona ileile. Hizo ni mikwaruzo? Na je, kuna silikoni bora kuliko hii?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Silikoni bora kwa kazi hiyo haipo, kwa hiyo usipake nyingine. Na hizo nywele si mikwaruzo. Ni nyufa, na spiriti ndiyo iliyozileta. Ushauri uliopewa umekuongezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Swali hili hunijia mara kwa mara kwa sura tofauti. Leo ni kona inayovuja, kesho ni ukuta uliopauka baada ya kufutwa kwa dawa ya madirisha, keshokutwa ni mistari iliyoachwa na wembe wa kukwangua ukungu. Mzizi ni uleule: watu wanaichukulia akriliki kama kioo chepesi kisichovunjika. Akriliki ni plastiki. Gundi ya kioo, dawa ya kusafishia kioo na wembe wa kioo, vyote vinaweza kuiharibu.

Tuanze na silikoni, maana ndiyo inayonikera zaidi. Silikoni na kioo vina undugu wa kikemia, na vikikutana hushikana kwelikweli. Tangi la kioo lililogundishwa vizuri hukaa miaka mingi. Kwenye akriliki silikoni haina cha kushika. Inalala tu juu yake. Maji yakipata upenyo mdogo hata wa unene wa unywele hupita nyuma ya ile ngozi na kuisukuma, na ndicho ulichokiona baada ya wiki mbili. Ukipaka nene zaidi utapata ngozi nene zaidi itakayobanduka vilevile.

Halafu kuna kupinda. Akriliki hupinda kwa urahisi zaidi ya mara 20 kuliko kioo cha unene uleule. Kwa vipimo ulivyonipa, maji yanausukuma ule ukuta mrefu kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 12 na nusu hivi, usiku na mchana. Ukuta unatoka nje kidogo ukijaza, unarudi ukipunguza maji. Kila unapobadilisha maji, ile silikoni inavutwa na kuachiwa.

Sehemu za akriliki hazigundishwi kwa kitu kinachokaa katikati yake. Fundi huingiza kiyeyusho chepesi kama maji kwenye maungio, mara nyingi kwa sirinji yenye sindano nyembamba. Kiyeyusho kinalainisha nyuso zote mbili, zinachanganyikana, kisha chenyewe kinaruka hewani na kuacha kipande kimoja. Ndiyo maana ungio zuri la akriliki huwezi kuliona; linang'aa kama bapa lenyewe. Lako litazame kwa tochi ukiwa umeliondoa maji. Ukiona mstari mweupe, au vitone vya hewa vilivyojipanga hadi vikafika ukingoni, hapo kiyeyusho hakikufika tangu siku lilipotengenezwa, na miezi minane ndiyo uvumilivu wake.

Kabla ya kulaumu ungio, angalia pia tangi lilikaa juu ya nini. Tangi la akriliki linataka uso ulionyooka unaobeba kitako chote. Punje moja ya mchanga chini ya kona, au meza iliyobonyea katikati, inatosha kuchosha ungio moja kuliko mengine. Nimeshaletewa tangi linalovuja mara ya pili baada ya kutengenezwa vizuri, na kosa lilikuwa kwenye meza.

Sasa nywele zako. Bapa la akriliki likikatwa kwa msumeno au leza, au kingo zake zikang'arishwa kwa moto, hubaki na mkazo ndani yake usioonekana kwa macho. Linaweza kukaa hivyo miaka bila shida. Likiguswa na spiriti, asetoni au dawa za kusafishia zenye amonia, mkazo ule unapata mahali pa kufungukia. Niliwahi kudondosha tone la spiriti kwenye ukingo wa kipande kilichotoka kwenye leza, nikakaa kukitazama. Unywele wa kwanza ulitokea ukingoni ukaelekea ndani, ukafuata wa pili pembeni yake, kisha kundi zima, kama barafu inavyopasuka. Kipande kingine cha bapa lilelile, nilichokipasha moto wa nyuzi 80 kwa saa kadhaa na kukiacha kipoe polepole, hakikupata hata mmoja. Tone lilikuwa lilelile; tofauti ilikuwa mkazo.

Kutofautisha nyufa hizi na mkwaruzo ni rahisi. Pitisha ukucha: mkwaruzo unaukwamisha, nyufa hizi kwa kawaida huwezi kuzihisi. Kisha mulika tochi kwa ubavu. Nyufa zinametameta kama nyuzi za fedha, na ukisogeza tochi baadhi zinapotea na nyingine zinatokea. Mkwaruzo unaondoka kwa msasa laini wa maji, ukianza na namba 800, kisha 1000, 1500, 2000, na kumalizia kwa dawa ya kung'arishia plastiki, tangi likiwa tupu. Nyufa za mkazo haziondoki kwa msasa.

Kwa hiyo amua hivi. Kama nywele zimefika kwenye ungio lenyewe, au zinaingia ndani zaidi ya ngozi ya juu, tangi hilo lisirudishiwe maji. Hata fundi mzuri akiweka kiyeyusho hapo, kitapenya kwenye nyufa na kuzipanua mbele ya macho yake. Najua inauma, tangi la miezi minane. Lipandie mimea ya nchi kavu. Kama nywele ni chache, ziko juu juu na mbali na ungio, linatengenezeka. Ondoa silikoni yote kwa kipande cha plastiki, bila kemikali yoyote, maana hata utando wake mwembamba unazuia akriliki isishikane. Osha kwa maji matupu, acha likauke siku nzima. Kisha fundi anayejua akriliki akuongezee ukanda mwembamba wa akriliki ndani ya kona, ugundishwe kwa gundi nzito ya akriliki, ile yenye akriliki iliyoyeyushwa ndani yake.

Nimesema fundi kwa sababu. Kiyeyusho kinachotumika sana ni dikloromethani, na mwili ukikivuta huigeuza sehemu yake kuwa monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu. Mwaka 2024 Marekani ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku kiyeyusho hicho kuuzwa kwa watumiaji wa kawaida. Si kitu cha kumimina kwenye kifuniko cha chupa chumbani huku watoto wanapita.

Na hapa nataka kuwaambia wasomaji wote, si wewe peke yako. Kila anayeuza gundi atakwambia ya kwake inaziba kila kitu. Supagluu inashika upesi, lakini ikikauka haipindi, na ukuta wa akriliki unapinda; juu ya hilo inaacha ukungu mweupe pembeni. Gundi za epoksi, zile za kuchanganya mbili mbili, hubanduka kwenye akriliki kama silikoni yako ilivyobanduka. Silikoni ya bafuni ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia kuvu, na dawa hiyo inaua samaki. Nimewaona watu wakiipaka ndani ya tangi, samaki wakafa, kisha wakalaumu maji, wakanunua dawa ya maji juu yake. Mtu akikupa gundi bila kukuuliza kwanza tangi lako ni la kioo au la akriliki, usichukue chochote kutoka kwake. Swali hilo ndilo la kwanza, na lisipoulizwa hakuna ushauri uliotolewa hapo.

Usafi ni vivyo hivyo. Nje, kitambaa laini cha pamba na maji, basi. Ndani, sifongo isiyo na upande mgumu. Ukitumia sumaku ya kusafishia, hakikisha haijashika punje ya mchanga, maana punje moja itachora duara kila utakapopita. Hita isiguse ukuta.

Samaki wako wanne kwenye ndoo wananihangaisha kuliko tangi. Ndoo iwe haijawahi kuona sabuni, na maji yawe yale ya tangi lenyewe. Filta isikauke na isioshwe kwa maji ya bomba. Iache ifanye kazi humo humo kwenye ndoo, kwa sababu ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa kitu kisichoua haraka. Ukianza upya bila wao utangoja wiki nne hadi sita. Kwa siku mbili za kwanza usiwape chakula. Baada ya hapo wape kidogo sana, na kila siku badilisha robo ya maji kwa maji yaliyotolewa klorini.

Tangi likirudi kutoka kwa fundi, liache siku tatu tupu. Kisha liweke juu ya gazeti kavu na ujaze maji kidogo kidogo: sentimita 10, subiri saa moja, ongeza hadi 20, subiri tena, kisha jaza. Pitisha karatasi ya shashi kila kona. Liache limejaa saa 48, umwage maji hayo yote, ujaze mengine. Gazeti likibaki kavu siku zote mbili, wahamishe samaki pamoja na filta yao.