Rudisha hiyo breki ya mbele kabla hujapanda Matamba

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mengi: gesti za Matamba, baridi ya Agosti, maua ya hifadhi ya Kitulo, baiskeli ya gurudumu la inchi 26 au 29, chakula cha njiani. Yote hayo yakae pembeni kwanza. Kuna sentensi umeitupia mwishoni kama haina uzito wowote: kwamba fundi wako wa Mwanjelwa kakushauri utoe breki ya mbele ya baiskeli "isije ikakurusha kichwa chini kwenye kona", ushuke barabara ya Hamsini na Saba na ya nyuma peke yake. Na wachangiaji walionitangulia wanakupongeza! Mmoja anasema fundi huyo ni mtu mzima anajua kazi. Nimeshindwa kupita kimya.

RUDISHA HIYO BREKI. Leo, siyo asubuhi ya safari.

Kwa wasioijua hiyo barabara: ukitoka Mbeya mjini kama unaenda Dar, baada ya kilomita 78 uko Chimala. Pale unaacha lami unakamata barabara ya vumbi inayopanda ukuta wa milima mpaka Matamba, njia ya kwenda Kitulo. Hamsini na Saba ni idadi ya kona zake, na ni kona za kukunja kweli, ile unayoona tairi za gari lililokutangulia ziko juu ya kichwa chako. Kokoto zimelegea, katikati ya mvua moja na nyingine maji yamechimba mifereji, na Fuso za viazi zinapanda na kushuka kana kwamba barabara ni ya urithi.

Mimi nilishuka hivyohivyo unavyotaka kushuka wewe. Nilipanda na Kanta iliyokuwa inafuata viazi, baiskeli imelazwa juu ya magunia matupu. Mtumba wa Japani, mzuri tu, gia zote zinaingia, breki za raba zinazobana ringi. Ya mbele ilikuwa imeshang'olewa na fundi, na naamini mpaka leo aliiuza siku hiyohiyo. Raba za nyuma alinifungia mpya, akazipigapiga na kusema "hizi hata mlima Kitonga unashuka nazo".

Kona za mwanzo raha tupu. Upepo, tambarare yote ya Usangu iko chini ya miguu yako, unajisikia kama barabara umeichonga wewe. Shida ilianza pale nilipogundua kwamba siwezi kuachia breki hata kidogo. Nikiachia tu, baiskeli inakimbia, na kona inayofuata haiko mbali. Kwa hiyo nikabana. Nikabana kwenye kona, nikabana kwenye mnyoofu, nikabana mpaka vidole vikaanza kukakamaa. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua nikajisemea, hawa madereva wa Fuso hawaogopi Mungu, wanachoma breki hivi! Kumbe Fuso hakuna. Ni mimi.

Hapa ndipo nataka usome taratibu. Dereva wa lori anaposhuka Kitonga kule Iringa au mteremko wa Iwambi hapa Mbeya anaweka gia nzito, injini inamshikia gari, breki anaigusa tu. Na bado tunajua ajali zinazotokea pale Iwambi. Baiskeli haina injini ya kukushikia. Ukiacha kupiga pedeli, magurudumu yanazunguka yenyewe, hata uweke gia gani. Kimo chote ambacho Kanta ilikupandisha lazima kiishie mahali, na ukishuka polepole kwa kubana, karibu chote kinaishia kuwa joto kwenye breki. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 90, kila mita 100 za kimo wanazoshuka zinatoa joto linalokaribia kuchemsha robo lita ya maji. Wewe unataka kulimwaga joto lote hilo kwenye ringi moja, ya nyuma, bila kuipumzisha. Raba inalainika na kuteleza, na kadiri inavyoteleza ndivyo unavyoibana zaidi. Ringi inapasha tairi, upepo ndani ya tyubu unatanuka, na gundi ya viraka inalegea.

Na tyubu yangu ilikuwa na viraka. Ya nani haina?

Mkono wa breki ukaanza kugusa usukani. Nikateremsha mguu, nikawa nabreki kwa soli ya kiatu kwenye tairi, mtu mzima na ndevu zangu. Soli nayo ikaanza kunuka. Halafu kiraka kikaachia, paa, tairi ya nyuma ikalala, na breki pekee niliyokuwa nayo ikawa iko kwenye gurudumu lisilo na upepo linalocheza kulia na kushoto kwenye kokoto. Kulia kwangu bonde, kushoto mlima. Nikachagua mlima. Niliingia mferejini kwa bega.

Mtulinga ukavunjika. Kina mama waliokuwa wanapanda na mizigo wakatua, "Pole baba, pole sana", na mmoja akanifuta vumbi usoni kwa khanga yake, Mungu ambariki. Tandiboi wa Fuso iliyosimama yeye akaniuliza kama nimepapenda hapo nataka kununua kiwanja. Nilicheka, maana kulia kungeniuma zaidi. Wakanipakia juu ya viazi, na kona zote zilizobaki mpaka Chimala nilizihesabu kwa mtulinga.

Unasema ni ajali tu, watu wanavunjika wanapona. Mimi ni fundi dari. Jipsamu inafungwa mikono ikiwa juu ya kichwa. Fundi dari asiyeweza kuinua mkono anaitwa mtazamaji. Nilikuwa nimeshachukua kazi ya nyumba nzima Uyole na malipo ya awali nimeshayala. Mwenye nyumba alinipa pole, akaniongezea pole nyingine, kisha akamweka fundi mwingine, na ile pesa nikairudisha kwa kuuza mashine yangu ya kukatia. Baiskeli yenyewe hata sikuirudia. Kama kuna mtu Matamba anaitumia, namwomba aweke breki ya mbele.

Sasa huyu aliyenijaza hiyo hekima. Simtaji, lakini ni mwenyeji wa Igurusi, amezaliwa tambarare, amekulia tambarare, mlima mrefu aliowahi kushuka na baiskeli ni kingo ya jaruba la mpunga. Ndiye aliyekuwa anatufundisha kijiweni kwamba breki ya mbele ni mauti! Na fundi akamuunga mkono, maana kutoa kitu ni rahisi kuliko kukirekebisha. Maneno haya wote tumeyasikia tangu utotoni, kwa sababu kila mtaa una mtoto aliyewahi kubana breki ya mbele ghafla akapaa. Mtoto alipaa kwa kuwa alikaa wima, mikono imelegea, akaminya yote kwa mara moja. Hakupaa kwa sababu breki ni mbaya.

Ukibreki, uzito wako wote unakimbilia mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini, la nyuma linakuwa jepesi. La nyuma likiwa jepesi, ukilibana linaburuzika tu, halikusimamishi. Kwenye lami kavu breki ya mbele inaweza kukupunguza mwendo karibu mara mbili ya ile ya nyuma. Kwenye kokoto tofauti inapungua lakini haigeuki. Ukitoa ya mbele umetoa sehemu kubwa ya breki uliyonayo, umebaki na ile dhaifu, na umeipa kazi ya zote mbili.

Namna ya kuitumia ndiyo hii. Teremsha kiti. Sogeza makalio nyuma, yapite kiti kabisa mteremko ukiwa mkali, viwiko vikunje kidogo, visigino chini. Vidole viwili tu kwenye breki. Minya pole, ongeza kadiri baiskeli inavyotulia, zote mbili kwa pamoja. Na uminye ukiwa bado kwenye mnyoofu, baiskeli imesimama wima, KABLA ya kona. Ukishalala ndani ya kona, ya mbele iachie, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza limelala hapo ndipo utasema fundi alikuwa sahihi. Ukitoka kwenye kona, achia zote kidogo zipumue, halafu minya tena. Kubana na kuachia, kubana na kuachia. Usizikalie.

Na simama. Kila baada ya kona kadhaa tafuta penye nafasi upande wa mlima, shuka, piga picha za Usangu ujifanye mtalii. Sogeza mkono karibu na ringi bila kuigusa. Ukisikia joto linakupiga kiganjani, kaa chini. Usiimwagie maji, ngoja tu.

Baiskeli nyingi za Japani, mkono wa kulia ndio breki ya mbele, lakini mafundi wetu wanabadilisha waya wanavyotaka. Sukuma baiskeli ukiwa umesimama pembeni, minya mkono mmoja mmoja, uone gurudumu lipi linagoma. Tyubu weka mpya zote mbili, za viraka bakiza za kwenda sokoni. Ukipata yenye breki za diski ni bora, angalau joto linakaa mbali na tairi, ila diski nazo zinachoka ukizikalia. Baadhi ya watu watakuja hapa kusema diski inamaliza matatizo yote. Wasikilize kwa sikio moja.

Maswali yako mengine: Agosti Kitulo ni baridi kali, asubuhi nyasi zina barafu, na maua hutayakuta kwa wingi. Maua ni ya msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, ambapo hiyo barabara inakuwa tope, kwa hiyo chagua moja. 26 au 29 haina shida, zote zina sehemu ya kufunga breki mbili. Za gesti watakujibu watu wa Makete, wilaya ilipo Matamba, wamejaa humu.

Mikono ya breki za raba inafungwa na alenkii namba 5, mnaweza kuirudisha nyumbani bila fundi. Ukikosa raba nzuri njoo PM, ninazo za akiba. Na huyo fundi wako kama ndiye ninayemdhania, muulize ya kwangu aliiuza shilingi ngapi.